Kinywa cha Nne

Jumapili, 6 Agosti 2000

Daftari hili si la kuandikia maneno. Kila ukurasa una mistari mitano imebanana, halafu nafasi, halafu mingine mitano. Ni la kuandikia nyimbo. Panya walikula kona yake na Mwalimu akataka kulitupa, nikaliomba. Nilisoma mpaka darasa la sita huko Chwele, basi. Lakini mtu akikaa miaka minne mbali na kwao bila kuandika chochote, hata jina lake linaanza kumponyoka.

Naitwa Wangila. Kazi yangu ni kwa Mwalimu Rahab, kwenye nyumba ya mawe ng'ambo ya korongo, mbali na barabara ya Namanga. Nachota maji, nalinda boma, nakata kuni, nalisha punda. Mvua ya Aprili haikuja. Udongo mweusi wa huku umepasuka mpaka mguu wa punda unaweza kuingia ndani.

Jumanne, 8 Agosti

Hakuna wingu.

Alhamisi, 10 Agosti

Mwalimu amepita miaka sitini. Ni mtu wa Kiambu, hana mume, hana mtoto, hana maneno mengi. Sebuleni kwake hakuna viti vya wageni kwa sababu kinanda kimejaa pale. Ni kikubwa kama ng'ombe aliyelala, cheusi, kina miguu mitatu na meno meupe mstari mzima. Ukutani kuna picha yake akiwa msichana, gauni mpaka chini, na nyuma yake Wazungu wamesimama wanapiga makofi. Miaka ishirini alizunguka Ulaya akipiga kinanda kwenye kumbi. Halafu akarudi akafundisha.

Mwaka jana watoto walikuwa wanakuja wengi, wa wafanyakazi waliopanga Kitengela mjini. Tangu stima ianze kukatwa na maisha yabane, wameacha mmoja mmoja. Amebaki Beverlyne peke yake, binti ya Nashon, mtu wa kwetu Bungoma anayefanya kazi Nairobi.

Asubuhi mpaka saa sita Mwalimu anarudia kipande kilekile. Kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Jumanne, 15 Agosti

Leo gari lilikuja na watu wawili kutoka ukumbi mmoja wa Nairobi. Wakanywa chai, wakaondoka. Mwalimu alikuja jikoni akasimama mlangoni. Huwa haji jikoni.

"Wangila, nitacheza. Tarehe kumi na nane Novemba, Jumamosi."

Nikasema vizuri, Mwalimu. Nikaendelea na kuni.

"Mara ya mwisho kukaa mbele ya watu ni miaka kumi na moja iliyopita. Unajua nini kilitokea?"

"Sijui, Mwalimu."

"Nilisahau. Katikati. Vidole vikasimama na watu wote wakaniangalia. Nikainuka nikatoka, na sikurudi tena." Aliangalia mikono yake. "Sitaki ile iwe ndiyo ya mwisho."

Nilidhani ni kiburi tu. Mtu amekula, amelala kwenye nyumba ya mawe, anasumbuliwa na watu waliomwangalia.

Jumatano, 23 Agosti

Jioni kulitokea mlio sebuleni kama bunduki. Nilikimbia na rungu. Hakukuwa na mtu. Mwalimu alikuwa amepiga magoti chini ya kinanda akipapasa kwa vidole. Ubao wa ndani umepasuka kwa ukavu.

Ijumaa, 25 Agosti

Fundi wa vinanda amekuja kutoka Nairobi, mzee Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, viatu vyake vimejaa vumbi. Amesema mbao za kinanda ni kama ngozi ya mtu. Hewa ikikauka, zinakauka. Ufa bado ni mdogo, lakini ukifika mahali nyaya zimeshikiliwa basi hakuna kazi tena. Dawa yake ni maji. Makarai mawili chini yake kila siku, magunia yaliyoloa ukutani, madirisha yafungwe.

"Mpaka lini?" Mwalimu akauliza.

"Mpaka mvua, mama."

Kwa hiyo sasa tuko na kinanda kinachokunywa. Karai nalijaza asubuhi na kesho yake maji yamepungua vidole viwili. Sikuamini mpaka nilipoona.

Jumapili, 27 Agosti

Hakuna wingu.

Jumatano, 30 Agosti

Wamasai wamehamia karibu na ua wetu. Ni Kuntai na mkewe na mtoto mdogo, wametoka pande za Bisil na ng'ombe kumi na wanne waliobaki. Walikuwa sitini. Kuntai ni mrefu mpaka anainama kuongea na mimi.

"Sopa."

"Ipa," nikajibu. Hilo najua.

Akauliza ndani kuna nini kinalia siku nzima. Nikamwambia ni kazi ya mwenye nyumba. Akasikiliza kidogo. "Iko na huzuni hiyo kitu," akasema. Alinipa maziwa kwenye kibuyu. Yalikuwa na harufu ya moshi. Nimeyanywa yote.

Jumatatu, 4 Septemba

Leo kuna mambo.

Kisima cha pampu kimepungua, na kamati imetoa amri. Hakuna bustani, hakuna kujenga, hakuna kufua pale. Maji ni ya vinywa tu, na kila kinywa ni mtungi mmoja kwa siku mbili. Kinywa ni cha mtu, au cha mnyama mmoja anayetegemewa na nyumba. Anayesimamia ni Katoo, Mmasai mwenye koti la jeshi. Haandiki chochote. Anauliza mara moja, anaita kwa sauti ili foleni yote isikie, na hasahau.

Ilipofika zamu yangu akasema, "Kwa Mwalimu iko vinywa ngapi?"

"Mwalimu. Mimi. Punda."

"Tatu."

"Na ile ya ndani," nikasema. Nilikuwa natania. Jua lilikuwa kali na tumesimama tangu asubuhi, mtu hutafuta cha kuchekesha.

"Ya ndani gani?"

"Ile mzee nyeusi. Haitoki nje hata siku moja. Na sasa inaumwa, imepasuka huko chini. Hiyo ndiyo inatushinda wote kwa kunywa."

Nilingoja acheke. Katoo akatoa kofia.

"Pole. Mzee kabisa?"

"Kumshinda Mwalimu mwenyewe. Ilizaliwa Ujerumani," nikasema, lakini mama mmoja nyuma yangu alikuwa anapiga kelele kuhusu nafasi yake na sijui kama alisikia hilo la Ujerumani.

"Na hamkusema, watu hawa! Mgonjwa hawezi kukosa maji." Akaita, "Kwa Mwalimu, nne!"

Sisi wa bara tunasema ile kwa mtu, ile kwa mbuzi, ile kwa meza. Mwalimu hunikosoa kila siku: yule mtu, Wangila, kile kiti. Leo kosa hilo limetupa mtungi. Nilifungua mdomo nimrekebishe Katoo, lakini alikuwa ameshamwita wa nyuma yangu. Wa nyuma yangu alikuwa Kuntai.

"Watu tatu," Kuntai akasema. "Na ng'ombe moja ya maziwa, ile nyekundu. Mtoto yangu inakunywa hiyo."

Katoo akaangalia pampu, akaangalia foleni. "Watu tatu sawa, lakini ya ziada imeisha, Kuntai. Hii ya mwisho imechukuliwa na mgonjwa. Ng'ombe peleka mtoni."

"Mtoni hakuna."

"Najua. Tatu!"

Kuntai alinisaidia kupandisha mitungi juu ya punda. Akaniambia, "Pole kwa mzee yenu."

Jumanne, 5 Septemba

Nilimweleza Mwalimu yote. Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka, alishika meza na machozi yakatoka. "Mzee mweusi!" akasema. "Haitoki nje!" Mimi pia nikacheka.

Halafu nikasema, "Kesho nitamwambia Katoo alikosea."

Akaenda akagusa kinanda mgongoni, kwa kiganja, kama unavyoangalia joto la mtoto.

"Acha ibaki hivyo," akasema.

"Na Kuntai?"

"Ni mpaka Novemba tu, Wangila."

Jumapili, 10 Septemba

Hakuna wingu. Barua kutoka kwa Elizabeth, mke wangu. Anasema kwetu mvua ni nyingi mpaka mahindi yanaoza shambani. Niliisoma mara tatu.

Ijumaa, 15 Septemba

Upepo na vumbi. Punda anakohoa.

Jumatano, 20 Septemba

Nimeanza kusikia. Sijui niseme vipi. Kile kipande anachorudia, nilidhani anarudia kitu kimoja. Leo nikiloweka magunia nilisikia kwamba kila mara anabadilisha kidogo. Mkono wa kushoto unakuwa mzito, unakuwa mwepesi, kama mtu anayebeba mzigo na kuujaribu begani mpaka ukae. Nimebeba mizigo maisha yangu yote. Hilo nalijua.

Nikamuuliza kule Ulaya walikuwa watu wangapi kwenye ukumbi mmoja.

"Elfu mbili hivi, usiku mzuri. Hakuna hata mmoja aliyejua Kiambu iko wapi." Akafuta meno ya kinanda kwa kitambaa. "Wakimaliza kupiga makofi nilikuwa narudi chumbani peke yangu kula mkate. Lakini ile saa moja na nusu, Wangila, nilikuwa najua kwa nini nina mikono."

Jumamosi, 23 Septemba

Beverlyne alikuja somo. Mwalimu ni mkali kwake. "Unakimbia wapi? Kuna mtu anakufukuza?"

"Hapana, Mwalimu. Ni vidole tu, aki."

"Vidole ni vya nani?"

"Ni vyangu."

"Basi viambie."

Mtoto akacheka, Mwalimu hakucheka. Wakaanza tena.

Jumapili, 1 Oktoba

Kulikuwa na wingu moja upande wa Ngong. Tulisimama wote kuliangalia, mimi na Kuntai na mkewe. Kuntai akasema Enkai. Kwao neno hilo ni Mungu na tena ni mvua, hawatofautishi. Saa kumi lilikuwa limeisha.

Jumanne, 3 Oktoba

Ng'ombe wa Kuntai wamebaki watano. Ile nyekundu ya maziwa haisimami bila kusaidiwa. Tuliiinua asubuhi, mimi nikishika mkia na yeye pembe. Macho yake yamejaa nzi na haipepesi.

Nilienda kwa Mwalimu. Nikamwambia: wiki moja tu, tumpe Kuntai ule mtungi wa nne. Mtoto wake anategemea ng'ombe huyo.

Alikuwa anapiga, hakuacha kupiga. "Nikimpa wiki moja, ataacha kuhitaji wiki ya pili?"

"Hapana."

"Ufa umeongezeka. Njoo uone." Sikwenda kuona. "Baada ya tarehe kumi na nane chukua yote. Chukua makarai, chukua hata magunia. Lakini sasa siwezi."

"Ni kinanda, Mwalimu."

Hapo akaacha. "Unadhani sijui ni kinanda?"

Nilijaza makarai. Mikono ilikuwa yangu, kazi ni yake. Sijui dhambi ni ya nani.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ile nyekundu imekufa. Kuntai hakuita mtu. Nilimkuta ameketi karibu nayo na mtoto amelala mapajani mwake.

Jumatano, 11 Oktoba

Mke wa Kuntai amemchukua mtoto kurudi Bisil kwa mama yake, huko kuna mbuzi wanaokamuliwa. Mtoto alikuwa hanyanyui kichwa. Mwalimu alikuwa dirishani akiwatazama wakipita. Halafu akaketi akapiga, na mimi nikatoka nikaenda kukaa kwa punda mpaka amalize. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nilijua watakuja siku moja na sikutaka kujua. Mgonjwa hakai wiki tano bila kutembelewa, si huku, si kwetu, si popote.

Walikuja akina mama wa kanisa kumi hivi, mbele yao Mama Phylis, ambaye ndiye kiongozi wao na pia yumo kwenye kamati ya maji. Wamebeba unga, sukari, majani ya chai, na mmoja ana chupa ya chai ya maziwa na blanketi jipya kwenye karatasi. Waliimba kutoka korongoni mpaka langoni. Katoo alikuwa nyuma yao amevaa shati safi.

"Bwana asifiwe," Mama Phylis akasema.

"Amina."

"Tumekuja kumwona mzee wetu. Mmemficha sana nyinyi watu. Tumesema leo lazima tumwombee."

Ningeweza kusema amelala. Ningeweza kusema amepelekwa hospitali. Nilisimama kama gogo. Mwalimu akatoka, akawaona na blanketi lile, na uso wake ukawa kama majivu.

"Karibuni," akasema. Akafungua mlango wa sebule.

Waliingia kwa adabu, wamevua viatu. Walisimama kuzunguka kinanda, wakaangalia mlango wa chumba, wakaangalia dari. Wakangoja. Kulikuwa na magunia yaliyoloa ukutani yanadondosha maji. Tone, tone. Mama mmoja alisikia, akainama, akaona makarai mawili chini, yamejaa.

"Mzee yuko wapi?" Mama Phylis akauliza.

Mwalimu akaweka mkono juu ya kinanda. "Ni huyu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtu acheke.

Katoo alikuja mpaka mbele yangu. Aliongea pole pole. "Wangila. Uliniambia inaumwa."

"Inaumwa," nikasema. "Imepasuka."

"Uliniambia mzee."

"Ni mzee, Katoo. Nilikuwa natania, halafu ukaita nne..."

"Nikaita nne," akasema. "Na wewe ukabeba. Kila siku mbili ukabeba mbele yangu, na nakuuliza mzee iko aje, na unasema iko hivyo hivyo."

Hilo ni kweli. Nilisema hivyo hivyo kila mara.

Mwalimu akasema kosa ni lake, alijua tangu siku ya pili. Akaeleza kuhusu mbao na ukavu na tarehe kumi na nane. Aliongea Kiswahili safi na kadiri alivyokuwa safi ndivyo ilivyosikika vibaya. Mwishoni akaketi akapiga. Nadhani alitaka waelewe kwa njia hiyo, kwa sababu nyingine hana.

Alipiga vizuri kuliko siku zote. Akina mama walisikiliza wamefunga mikono, kama kanisani. Mmoja alifuta macho. Alipomaliza yalisikika yale magunia tu, tone, tone.

Mama Phylis akasema, "Mwalimu, inaimba vizuri. Mungu amekupa kipaji." Akachukua lile blanketi kutoka kwa mwenzake akalikunja. "Lakini ng'ombe ya Kuntai ilikuwa na maziwa."

Wakavaa viatu. Unga na sukari waliacha, hawakutaka kubeba tena kitu kilichokwisha kuombewa. Blanketi walienda nalo. Hawakuimba wakirudi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kamati imetukata wote, hata punda. Katoo hakunitukana. Aliangalia juu ya kichwa changu kama mtu asiyeona foleni imeishia wapi. Ni wengine walionitukana. "Mpeleke mzee wako ajichotee!" "Muulize kama ana kiu bado!" Foleni nzima ilicheka, na kicheko kile nilichokitamani juzi nikakipata.

Jumatano, 18 Oktoba

Sasa nateremka mpaka machimbo ya zamani ya mawe, kuna dimbwi. Maji ni kama chai ya jana. Kwenda na kurudi siku imeisha. Tunachuja kwa kitambaa, tunachemsha, na yanatosha kunywa tu. Makarai nimeyageuza juu chini.

Kuntai hanisalimii.

Jumatatu, 23 Oktoba

Hakuna wingu.

Alhamisi, 26 Oktoba

Ulilia tena usiku, ule mlio wa bunduki, mara mbili. Asubuhi Mwalimu aligonga jino moja la katikati. Sauti ilitoka kama sufuria iliyopigwa kijiko.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mzee Mgoa alikuja, akaingiza tochi, akatoka, akakunja mfuko wake wa vifaa bila kuufungua. "Nyaya hazishiki, mama. Nikikaza leo zimelegea kesho." Alimshauri aombe nafasi ya kufanyia mazoezi Nairobi. Mwalimu akasema hana mtu Nairobi wa kumwomba tena, wengi amewazika.

Jumatatu, 30 Oktoba

Anafanya mazoezi kwenye meza ya jikoni.

Alhamisi, 2 Novemba

Nitaeleza. Ameketi wima, macho yamefungwa, vidole vinaenda juu ya mbao tupu. Kinachosikika ni kucha tu na pumzi yake. Saa tatu, saa nne. Wakati mwingine anasimama, anatikisa kichwa, anarudia. Namenya viazi kwenye mwisho mwingine wa meza. Leo nilijikuta najua amefika wapi. Nikangoja pale pazito, na pakaja.

Nilikuwa nimemchukia. Bado kuna kitu kimebaki. Lakini siwezi kumwangalia akipiga meza na kusema huyu ni mtu aliyeshiba.

Jumanne, 7 Novemba

Nilimuuliza, akisahau tena je?

"Kuna usiku nasahau kabisa. Naamka siwezi kuona hata mwanzo." Akaniuliza, "Kuntai amebaki na wangapi?"

"Wawili."

Akaendelea.

Jumatatu, 13 Novemba

Mawingu upande wa Ukambani, mazito. Joto la kuua.

Alhamisi, 16 Novemba

Mvua! Saa tisa alasiri. Kwanza harufu, halafu upepo, halafu kama mtu amemwaga changarawe juu ya mabati. Nilitoka nikasimama ndani yake na nguo. Ng'ambo ya ua Kuntai alikuwa amenyoosha mikono, analia au anaimba, sikuweza kujua. Punda alikunywa kwenye shimo la kwato yake mwenyewe. Nilirudi ndani nimelowa, nacheka, na nikamkuta Mwalimu dirishani akiangalia njia.

Ijumaa, 17 Novemba

Imenyesha usiku wote na mchana wote. Udongo mweusi umekuwa uji. Korongo linaunguruma mpaka hapa.

Jumamosi, 18 Novemba

Tamasha lilikuwa saa kumi jioni. Nashon alikuwa aje saa nne na pikapu ya rafiki yake. Haikuweza kufika, ilibaki ng'ambo ya korongo penye barabara ya murram. Tuliisikia ikipiga honi.

Mwalimu akasema tutatembea. Alifunga gauni ndani ya karatasi ya nailoni, viatu vya kuchezea shingoni, akavaa gambuti zangu. Punda aligoma langoni, tukamwacha. Kila hatua udongo unashika mguu na kukaa nao. Alianguka mara mbili na mara zote mbili alianguka kwa viwiko, mikono juu. Sikuwahi kuona mtu akianguka hivyo.

Korongo lilikuwa limejaa toka ukingo hadi ukingo, maji mekundu yanabeba miti. Ng'ambo alisimama Nashon na mwavuli, na Beverlyne na gauni la kanisani, na Kuntai, aliyekuwa amevuka asubuhi na ng'ombe wake, amejifunga kamba ya ngozi kiunoni. Kamba yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mgunga. Nashon akapiga kelele, "Mulembe, ndugu! Huyu amevusha mama mjamzito asubuhi! Anajua pa kukanyaga!"

Nikamwita Kuntai.

Alituangalia muda mrefu. Maji yalikuwa kati yetu na ilibidi aite kwa nguvu. "Nani mgonjwa?"

"Ni Mwalimu! Anaenda Nairobi!"

"Ni mgonjwa?"

Nilimtazama Mwalimu.

"Maji hii inachukua mtu!" akaita. "Asubuhi imechukua ng'ombe yangu moja. Mgonjwa navusha. Mama ya mtoto navusha. Mtu ya kutembea ingoje kesho!"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo wangefanya hata kwetu. Mtu anahatarisha maisha kwa mgonjwa, hahatarishi kwa safari.

Nashon akaelewa kabla yangu. "Mwambie ni mgonjwa basi!" akaniita kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, ili Kuntai asielewe. "Sema ni moyo! Saa zinaenda, Wangila!"

Na ilikuwa rahisi. Alikuwa amelowa, ametapakaa matope, midomo inatetemeka, mtu yeyote angeamini. Nikajaza pumzi. Nilitaka afike. Sikudhani ningetaka kitu cha mtu mwingine hivyo. Nikafungua mdomo, na Mwalimu akanishika mkono. Hajui Kibukusu, lakini nadhani uso wangu aliusoma.

"Usiseme."

"Mwalimu, ni neno moja."

"Najua ni neno moja."

Akasogea mpaka ukingoni, nikamshika nguo kwa nyuma. Akaita, na sauti yake ilikuwa ndogo, Kuntai akaweka mkono sikioni. "Mimi si mgonjwa! Naenda kucheza kinanda!"

Kuntai alifikiri. Niliona kweli anafikiri. Akatazama maji, akatazama kule yalikompeleka ng'ombe wake. Halafu akafungua kamba kiunoni, akaizungusha mkononi taratibu.

"Basi si lazima," akasema.

Tulikaa pale juu ya jiwe. Nashon alingoja mpaka saa tisa. Mwalimu alimpungia mkono aende, mtoto alikuwa anatetemeka. Saa kumi ilipofika Mwalimu alijua bila saa. Alivua gambuti akamwaga maji, akavaa tena. Vidole vyake vilikuwa vimetulia magotini, havikucheza hata kidogo.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Mwalimu ana homa kidogo. Nimempa uji wa ule unga wa akina mama.

Alhamisi, 23 Novemba

Maji yamepungua korongoni. Kuntai ameondoka na ng'ombe aliyebaki. Hakuaga, lakini wakati wa kupita alisimama langoni kidogo, akanyanyua fimbo. Nikanyanyua mkono. Watu wa ukumbi walituma habari kupitia Nashon: Mkorea mmoja kijana alicheza badala yake, na watu walifurahi.

Jumamosi, 25 Novemba

Jua kidogo. Nyasi zimeota mpaka kwenye nyufa, kijani kinaumiza macho. Beverlyne alikuja na matope mpaka magotini. Nilidhani Mwalimu atamrudisha. Alimwosha miguu kwenye karai, akafungua kinanda kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Sasa kimevimba kwa unyevu. Nusu ya sauti ni za uongo, na jino moja upande wa chini likibonyezwa linazama halirudi.

"Mwalimu, hii imekwama."

"Endelea."

"Lakini nikirudi hapo nitaikuta iko chini."

"Utaikuta iko juu. Wewe endelea, usiangalie."

Alivuta kigoda akaketi karibu naye, nikasimama mlangoni na kuni mikononi. Mtoto alianza kile kipande cha Mwalimu mwenyewe, ule mwanzo wake, vibaya vibaya. Kila akilibonyeza jino lile, linazama, na Mwalimu anaingiza ukucha chini yake analiinua, kabla vidole vya mtoto havijarudi. Linazama, analiinua. Walifika mpaka mwisho.